Mbona Kila Mtu Mara ni Mjukuu wa Chifu?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Mara kwa kikao cha ukoo. Nimerudi mjini na hasira. Nilidhani itapoa, kwa kawaida hasira za nyumbani hupoa ukishafika stendi na kununua samaki wa kubeba. Hii haijapoa. Kwa hiyo leo naitoa hapa, na atakayeona imemgusa ajue imemgusa kweli.

Mambo yalikuwa hivi. Kijiji chetu kiko wilaya ya Bunda, sitakitaja jina kwa sababu majirani zetu hawana kosa. Tumekaa chini ya mwembe, wazee kwenye viti vya plastiki, sisi wengine kwenye mikeka na mawe. Binamu yangu mmoja, msomi, mwenye kazi nzuri Dar es Salaam, akakunjua bango kubwa kama lile la kampeni. Lilikuwa mti wa ukoo. Juu kabisa kachora taji, mkuki na simba. Chini ya simba kaandika kwa herufi kubwa: UKOO WA MTEMI, halafu jina la babu wa baba zetu. Na fulana zilikuwepo, zenye simba yule yule, shilingi 15,000 moja.

Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Na fulana nilinunua, nisiwadanganye.

Halafu babu mdogo, ambaye macho hayaoni vizuri tena, akaomba asomewe kilichoandikwa. Akasomewa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema: "Huyu hakuwa mtemi. Alikuwa mwanangwa. Alikuwa anakusanya kodi ya Mwingereza. Hilo koti mnaloliona kwenye picha alipewa kwa kazi hiyo." Binamu akajibu kwa heshima zote, "Shikamoo babu, hiyo ni tofauti ya lugha tu." Kikao kikaendelea.

Hivi ni tofauti ya lugha kweli? Hebu tuongee.

Huu ugonjwa haukuanzia kwetu. Wamarekani, Wakanada na Waaustralia wamekuwa wakiutibu kwa pesa miaka mingi. Mtu analipia kipimo cha vinasaba, anatema mate kwenye kichupa, anaingia kwenye makabrasha ya kanisa na sensa za zamani, na baada ya miezi kadhaa anatangaza kwamba babu yake alikuwa bwana mkubwa huko Uskoti, mwenye ngome, msitu na kulungu wa kuwinda. Sijawahi kusikia mtu akitangaza kwa furaha kwamba amegundua babu yake alikuwa mchunga nguruwe wa bwana huyo. Sasa jiulize, kama mabwana walikuwa wachache na wachunga nguruwe walikuwa wengi, wajukuu wa wachunga nguruwe wote wamekwenda wapi?

Kiu hii ina biashara yake kabisa. Kuna makampuni yanayokuuzia kipande cha ardhi ya Uskoti chenye ukubwa wa futi moja ya mraba, sehemu ambayo hata ukisimama kwa miguu miwili unabanana, halafu yanakwambia sasa unaweza kujiita bwana wa shamba. Ofisi ya Lord Lyon, ambayo ndiyo inayoshughulika na ngao na vyeo vya Uskoti, imekwisha kusema kwamba kipande hicho hakikupi cheo chochote. Watu bado wananunua. Binamu yangu na simba wake wa shilingi 15,000 wana ndugu wengi duniani.

Lakini kuna jambo kuhusu Uskoti ambalo wanunuzi wa futi moja huwa hawaambiwi, na ndilo ninalotaka ulibebe mpaka mwisho wa makala hii.

Zamani watu wa milima ya Uskoti waliishi kwa koo, kila ukoo na mkuu wake. Watu walimfuata mkuu vitani, na kwa mawazo yao ardhi ile ilikuwa ya ukoo mzima, mkuu akiwa mlezi tu. Baada ya kushindwa kwenye vita vya Culloden mwaka 1746, bunge la Uingereza liliwanyang'anya wakuu hao mamlaka ya kuhukumu watu wao, kwa sheria ya mwaka 1747. Ila wengi wao waliachiwa ardhi. Na karatasi za sheria zilisema ardhi ni ya mkuu, si ya ukoo. Kwa hiyo mkuu akabaki hana jeshi wala mahakama, ana hati tu. Akafanya nini? Akapiga hesabu, akaona kondoo wanalipa kuliko binamu zake.

Wakafukuzwa. Kuanzia karne ya 18 mpaka katikati ya karne ya 19 vijiji vizima viliondolewa kupisha kondoo. Mwaka 1814 kwenye bonde la Strathnaver, katika ardhi ya Sutherland, nyumba zilichomwa moto. Msimamizi wa mali, Patrick Sellar, alishtakiwa mwaka 1816 na akaachiwa huru. Waliofukuzwa wengine walisukumwa pwani kwenye mawe, wengine wakapanda meli kwenda Kanada na kwingineko. Mpaka leo umiliki wa ardhi Uskoti uko kwenye mikono michache mno: hesabu iliyotajwa sana mwaka 2013 ilisema wamiliki 432 tu wanashika nusu ya ardhi yote ya watu binafsi vijijini.

Umeona kichekesho? Mkanada anayetafuta babu mwenye ardhi huko Uskoti ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mjukuu wa yule aliyefukuzwa kwenye ardhi hiyo. Anavaa sketi yenye rangi za ukoo na kumshangilia aliyemfukuza bibi yake.

Msiseme hayo ni ya mbali. Vuka ziwa hapo tu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia machifu na watu binafsi wapatao 1,000 ardhi ya maili za mraba 8,000. Ndiyo inayoitwa mailo. Siku moja mtu alikuwa mkulima kwenye ardhi ya ukoo wake, siku ya pili akaambiwa ni mpangaji wa chifu. Zaidi ya miaka 120 imepita na Waganda bado wanapelekana mahakamani, na watu bado wanafukuzwa, kwa sababu ya karatasi ile.

Sasa turudi Mara.

Kwa watu wengi wa mkoa huu, kabla ya Mjerumani hakukuwa na chifu wa aina tunayoichora kwenye mabango. Wakurya walikuwa na rika zao zinazozunguka, Abasaai, Abanyamburiti, Abagamunyere, Abamaina, na upande wa pili Abachuma, Abanyangi, Abamairabe, Abagini. Rika lilipofika zamu yake lilishika majukumu, likimaliza likawaachia wengine. Wazanaki nao walikuwa na madaraja ya vizazi, kiasi kwamba Otto Bischofberger aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1972. Walikuwepo wazee wa baraza, waleta mvua na waaguzi. Mtu mmoja wa kumpigia magoti hakuwepo.

Mjerumani akafika na hitaji lake. Hakuwa na muda wa kukaa na wazee 30 chini ya mti wakijadili mpaka jua lizame. Alitaka mtu mmoja, mwenye jina moja, wa kumwambia: leta kodi, leta wabeba mizigo, leta watu wa kulima barabara. Akampata au akamtengeneza. Mwingereza alipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akaikuta njia hiyo na akaipenda. Gavana Donald Cameron akaitungia sheria mwaka 1926, akaiita utawala wa wenyeji. Wenyeji gani? Wale waliokuwa kwenye orodha yake.

Na mfano mkubwa kabisa uko Butiama. Kila nikianza kuongea haya, kuna mtu atanyoosha kidole: "Mbona hata Mwalimu alikuwa mtoto wa chifu?" Ndiyo. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki. Aliwekwa na Wajerumani mwaka 1915, na Waingereza wakamthibitisha. Alizaliwa karibu mwaka 1860, maana yake alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50 alipopewa uchifu. Miaka yote hiyo kabla ya hapo alikuwa Mzanaki mwenye akili na mifugo kama wazee wengine. Hata jina Nyerere ni jina la viwavi, kwa sababu alizaliwa mwaka ambao viwavi walivamia nchi. Hakuna simba hapo. Ni viwavi, na ukweli wa jina hilo unanifurahisha kuliko simba wote wa mabango.

Burito alikuwa na wake 22 na watoto 26. Mgaya wa Nyang'ombe alikuwa mke wa tano, na Kambarage, aliyezaliwa Aprili 1922, alikulia kwenye nyumba ya mama yake akichunga mbuzi na kulima kama watoto wengine. Akaenda shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Halafu Tabora, Makerere, na mwaka 1949 akaenda Uskoti hiyo hiyo tunayoizungumzia, Chuo Kikuu cha Edinburgh, akatoka na shahada mwaka 1952.

Mtu huyu, mtoto wa chifu, aliyeishi miaka mitatu kwenye nchi ya mabwana wa ardhi, alifanya nini? Mwaka 1958 aliandika kijitabu cha Mali ya Taifa, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kumilikiwa moja kwa moja. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ukiruhusu hivyo, wachache watakuwa wenye ardhi na wengi watakuwa wapangaji kwenye nchi yao wenyewe. Na mwaka 1963 serikali yake ikafuta uchifu kisheria.

Angalia tofauti. Uskoti mwaka 1747 waliondoa mamlaka ya mkuu wakamwachia ardhi. Buganda mwaka 1900 walimgeuza chifu kuwa mwenye ardhi. Tanganyika mwaka 1963 ilimwondolea chifu mamlaka, na ardhi haikumfuata. Kwa hiyo mjukuu wa chifu na mjukuu wa mchunga mbuzi wa chifu wote wakabaki wakulima wenye haki sawa, angalau kwenye karatasi. Ukiniuliza ni urithi gani mtu wa Mara anaweza kujivunia mbele ya Mskoti, nitakwambia ni huo. Na ndio huo huo tunaotaka kuubadilisha kwa fulana.

Najua upepo wa siku hizi. Machifu wamerudi kwenye majukwaa. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa Kisesa, Mwanza, akapewa jina la Chifu Hangaya. Sina ugomvi na ngoma, wala na mzee anayevaa ngozi ya chui siku ya sherehe. Utamaduni ni wetu, tucheze. Lakini tangu hapo nimeona kwa macho yangu jinsi kila ukoo unavyokimbilia kutafuta chifu wake, kama vile kuna foleni ya kugawiwa kitu. Na mahali ambapo chifu hakuwepo, anachorwa.

Kuna mtu wa Ikizu ataniambia, "Sisi utemi wetu ni wa kale, haukuletwa na Mjerumani." Kweli, na nakuheshimu. Lakini soma historia yenu vizuri. Masimulizi ya Ikizu yanamtaja Nyakinywa, mwanamke, mleta mvua, aliyetoka Kanadi huko Usukuma. Yaani mwanzo wa utemi wenu ni mwanamke mgeni aliyekuja na ujuzi. Mbona simuoni kwenye mabango? Mbona juu ya mti kila mara yupo mwanamume mwenye mkuki?

Hapo ndipo hasira yangu inapoanza kweli.

Hesabu ya kawaida: kila mmoja wetu ana mababu na mabibi wa baba na mama zake 8. Wanne wanaume, wanne wanawake. Ukirudi vizazi 10 nafasi zinakuwa 1,024. Binamu yangu kachukua mmoja kati ya 8, kamvika taji, na saba kawafukia. Bango linaitwa mti wa ukoo lakini ni fito moja iliyochongwa.

Nani wamefukiwa? Baada ya kikao nilikaa na bibi yangu jikoni, yeye akichambua dagaa, mimi nikiandika. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hii ilipigwa na sotoka, ng'ombe wakafa, magonjwa na njaa vikafuata. Watu walitembea mpaka Usukuma kutafuta nafaka. Wengine walitoa mtoto wakapata chakula, na mtoto akaingizwa kwenye ukoo wa walionunua, akawa mtoto wa pale. Jambo hili liliwakuta watu wengi wa Mara, na watafiti kama Jan Bender Shetler wameandika masimulizi ya namna hiyo kutoka kwa wazee wetu. Bibi aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni: mama wa bibi yake alikuwa mmoja wa watoto hao. Aliletwa akiwa mdogo, hakujua kwao ni wapi. Akakua, akaolewa, akazaa. Sisi tuliokaa chini ya mwembe, wengi wetu tumetoka kwa mtoto aliyebadilishwa kwa nafaka.

Huyo hayupo kwenye bango. Na nikimlinganisha na mwanangwa wa kodi, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu nyumba za jirani zake na kuwataja kwa Mzungu, sioni aibu kumchagua yeye awe juu.

Kuna mwingine aliyefukiwa, na huyu yuko hai.

Wasomaji wasiotoka Mara labda hamjui nyumba ntobhu. Ni hivi: mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, mara nyingi mjane mwenye mifugo, anatoa mahari na kuoa msichana. Msichana anazaa na mwanamume, na watoto ni wa nyumba ya yule mama aliyetoa mahari. Wanachukua jina lake na kurithi kwake. Mwanamume aliyezaa nao hana dai. Kipimo chochote cha vinasaba duniani kitakwambia watoto hao si wa ukoo. Mila yetu inakwambia ni wa ukoo kabisa, kwa sababu huku kwetu ukoo haukuwa mate kwenye kichupa. Ulikuwa ng'ombe waliotolewa, jina lililopewa, na nani alikulea.

Sitaipamba. Wapo wasichana walioozwa hivyo wakiwa wadogo, bila kuulizwa, wakapigwa na kufanyishwa kazi kama punda. Hilo ni ovu na lazima liishe. Lakini uovu wa namna alivyoletwa hauwezi kuwa sababu ya kumtupa baada ya kumtumikisha miaka 30.

Kwetu yupo mmoja. Babu yangu alikuwa na mke wa pili ambaye hakupata mtoto wa kiume. Bibi mdogo huyo alioa mwaka 1987. Mama aliyeolewa, sisi wote tunamwita mama, alizaa watoto watatu, akamuuguza bibi mdogo mpaka siku ya mwisho, akamzika. Analima ekari nne. Zamani ekari hizo zilikuwa mbali na kila kitu. Sasa mji umesogea, lami iko karibu, madalali wa viwanja wanapita na pikipiki kila wiki.

Mmeanza kuelewa bango lilikuwa la nini?

Ajenda ya tatu ya kikao, baada ya mti na baada ya soda, ilikuwa "kutambua na kupima ardhi ya ukoo wa mtemi". Binamu akaonyesha kwa fimbo kwenye bango: walio kwenye mti ndio warithi. Mama hayumo kwenye mti. Watoto wake hawamo. Kwa hiyo, kwa lugha tamu ya kisomi, ekari nne "zirudi kwenye familia". Mkuu wa ukoo, hati, kisha kondoo. Strathnaver imefika Bunda, tofauti ni kwamba kondoo wetu wanaitwa viwanja.

Mama alisimama. Si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Mimi nimelima hapa tangu mwaka 1987. Huyo mtemi wenu alilima wapi?"

Hakuna aliyejibu. Na mimi, mwandishi wa habari, mtu wa kalamu, nilikuwa nimekaa pale nimevaa simba kifuani. Sikusema neno. Ndiyo maana naandika leo.

Sasa tuje kwenye sheria, maana binamu anapenda sheria. Tanzania hakuna ukoo wenye ardhi kwa maana ya bwana wa Uskoti. Ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, sisi tuna haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua haki ya kimila, lakini kifungu cha 20 kinasema mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu kupata, kushika au kutumia ardhi ni batili. Na kabla ya sheria hiyo, mwaka 1990, kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilifika Mahakama Kuu Mwanza. Mwanamke wa Kihaya aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, mpwa akashtaki kwamba mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inabagua na haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Mwanamke akashinda.

Nitakuwa mkweli pia kwa upande wa pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo nyumba ntobhu haina kinga ya ndoa mahakamani. Binamu analijua hilo na ndilo analotegemea. Lakini hebu tazama ujanja wenyewe: anapotaka taji anasema "mila", anapotaka kumwondoa mama anasema "sheria ya ndoa". Mila ilipomleta mama kwa ng'ombe wa bibi mdogo, ukoo ulikula nyama ya sherehe ukashiba. Leo ukoo umesoma sheria. Huwezi kula mila asubuhi na kuitapika jioni.

Najua mtakayoniambia. La kwanza: "Kwa hiyo unataka vijana wasitafute historia ya familia zao?" Sijasema hivyo, nataka watafute zaidi. Tatizo la bango la binamu ni uvivu. Alianza na jibu, akatafuta picha ya kulithibitisha. Hakumuuliza babu mdogo, ambaye yuko hai na kumbukumbu anazo. Hakuingia jikoni kwa bibi hata mara moja. Angefanya hivyo angepata sotoka, njaa, safari ya Usukuma, mtoto mgeni, mwanamke aliyeoa mwanamke. Hiyo historia ni kubwa kuliko simba. Wazungu wanalipa pesa nyingi kutafuta visa kama hivyo, sisi vimekaa jikoni vinachambua dagaa.

La pili: "Ukoloni ulitudharau, tukitafuta wafalme wetu tunajirudishia heshima." Hili linanigusa, kwa sababu nia yake ni nzuri. Lakini liangalie vizuri. Mkoloni ndiye aliyesema jamii isiyo na mfalme ni jamii isiyo na akili. Alifika Mara, akakuta watu wanaojitawala kwa zamu za rika na mabaraza ya wazee, akaona fujo, akawawekea chifu. Leo mjukuu anaona aibu ile ile aliyoona Mjerumani, anakimbilia kuchora chifu kufunika "fujo" ya babu zake. Huko si kujikomboa. Hiyo ni kasumba iliyovaa ngozi ya chui. Babu zetu walijitawala bila bwana, sisi tunawatafutia bwana baada ya kufa.

La tatu: "Unaanika mambo ya ukoo hadharani." Ndiyo. Chini ya mwembe nilipata nafasi ya kusema nikanyamaza.

Basi, msomaji, ukienda nyumbani likizo ijayo, acha bango. Chukua daftari. Anza na mwanamke mzee kuliko wote. Muulize alitoka wapi, na mama yake alitoka wapi. Muulize mwaka wa njaa ukoo ulikula nini na ulitoa nini ukapata chakula. Muulize nani aliingia kwenye ukoo bila kuzaliwa humo. Muulize nani alifukuzwa, na shamba lake nani analima sasa. Na kuhusu babu mwenye koti kwenye picha, uliza: koti hilo alipewa na nani, kwa kazi gani? Ukishapata majibu hayo yote, ukabaki bado unataka kuchora taji, chora.

Ukoo wetu unakaa tena Juni. Nitakuwepo. Nimekwisha mwandikia binamu kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya watu wote, kwamba ninaleta kalamu ya wino mzito, na kwamba kwenye bango lake kuna nafasi ya kutosha kuandika jina la mama, watoto wake watatu, na yule mtoto wa Usukuma ambaye jina lake bibi bado analikumbuka. Na kwamba ekari nne hazitapimwa mpaka majina hayo yaandikwe. Hajajibu. Alama mbili za bluu zimeonekana.

Fulana ninayo bado. Nadekia.

Naomba kutoa hoja.